Samaki wa anemoni: maisha yaliyofungwa mahali pamoja

Samaki wa anemoni ni kundi la samaki wadogo, spishi zipatazo 30, wanaoishi katikati ya minyiri ya anemoni wa bahari, mnyama laini aliye na undugu na matumbawe na konyeza. Wamo katika Bahari ya Hindi na Bahari ya Pasifiki, Atlantiki hawamo. Katika maji ya Unguja na Pemba hupatikana Amphiprion akallopisos, mwenye rangi ya chungwa iliyopauka na mstari mweupe unaofuata mgongo kutoka mdomoni hadi mkiani, na Amphiprion allardi, mweusi mwenye mikanda miwili myeupe. Anayepiga mbizi Chumbe au Misali asihangaike kumtafuta samaki. Amtafute anemoni, kwa maana samaki huyu akiwa mbali na anemoni wake ni tonge la kila mwenye mdomo mkubwa.

Swali linaloulizwa sana ni kwa nini hadhuriki, ilhali minyiri hiyo ina seli zinazofyatua vishale vya sumu na kuua samaki wengine. Kinga yake ni ute uliofunika ngozi, ambao hauziamshi seli hizo. Kinga hiyo huhitaji kutunzwa: samaki aliyetengwa na anemoni kwa siku kadhaa anaweza kuchomwa anaporudi, na hulazimika kumzoea upya kwa kumgusa kidogo kidogo. Naye si mpangaji asiyelipa kodi. Huwafukuza vitatange wanaokula minyiri, na kinyesi chake hurutubisha mwani mdogo mno unaoishi ndani ya mwili wa anemoni na kumlisha.

Wanaotaka kujua mkuu wa nyumba ni nani watazame urefu. Mkubwa kuliko wote ni jike, anayemfuata ni dume lake, na wengine waliobaki, kama wapo, ni wadogo wasiozaa. Hakuna anayeanza maisha akiwa jike. Jike akifa, dume hugeuka jike, na mkubwa miongoni mwa wadogo hupanda kuwa dume. Mabadiliko hayo hayarudi nyuma. Ajabu zaidi, kwa maoni yangu, ni jinsi wadogo wanavyojizuia kukua. Mwaka 2003 mtafiti Peter Buston, aliyechunguza spishi ya Amphiprion percula huko Papua New Guinea, alionyesha kwamba kila mmoja hubaki mdogo kiasi cha kutomtishia aliye juu yake, kwa sababu anayemkaribia mkubwa wake kwa umbo huweza kufukuzwa, na kufukuzwa ni kufa. Anangoja zamu, hata kwa miaka.

Mayai hutagwa juu ya mwamba, kando ya mguu wa anemoni. Dume ndiye mlezi mkuu: huyapepea kwa mapezi ili yapate hewa na huyaondoa yaliyoharibika. Baada ya wiki moja hivi huanguliwa usiku, na vichanga huchukuliwa na mkondo hadi bahari wazi kwa siku 10 hadi 15, kisha hutafuta mwamba wakiongozwa kwa sehemu na harufu. Kwa wengi wao, hiyo ndiyo safari ndefu pekee ya maisha.

Kufungwa huku mahali pamoja ndiko kunakomfanya awe dhaifu mbele ya joto. Bahari ikipata joto kupita kiasi, anemoni hupoteza mwani wake na kupauka kama matumbawe yalivyopauka magharibi mwa Bahari ya Hindi mwaka 1998 na 2016, na samaki hana pengine pa kuhamia. Uvuvi wa samaki wa mapambo nao huvuruga safu nzima. Mvuvi akimchukua yule mkubwa anayevutia macho, amechukua jike, na nyumba hiyo haitazaa tena mpaka dume amalize kugeuka, jambo linaloweza kuchukua wiki kadhaa au hata miezi.