Nguzo za Villa Rotonda si za marumaru

Juzi tena mteja kanitumia picha ya Villa Rotonda, lile jumba la Vicenza, Italia, na maneno machache: "Nataka nguzo za marumaru kama hizi." Jamani! Zile nguzo ni matofali. Tofali la udongo wa kuchoma, lipu ya chokaa juu, basi.

Msiniambie Andrea Palladio, msanifu wa jumba hilo, hakujua mawe. Ujanani alikuwa mwashi wa kuchonga mawe. Alijua na gharama zake. Kasisi Paolo Almerico alipompa kazi hii miaka ya 1560, jiwe aliliweka panapolidai: vitako vya nguzo, vinavyogongwa kila siku, na vichwa vyenye ile mizunguko ya Kiioni, mtindo wa Wagiriki wa kale, maana nakshi inataka patasi. Shina la nguzo ni mviringo tu, tofali linatosha. Linapigwa chokaa tabaka kwa tabaka. Ya mwisho ni nyembamba, ina unga wa marumaru, na inasuguliwa kwa mwiko ingali mbichi mpaka ing'ae. Ukiharakisha, inapasuka. Ukiweka saruji badala ya chokaa, unyevu unakwama kwenye tofali na baada ya masika kadhaa lipu inabanduka vipande vipande. Urembo wote uko mkononi mwa mpiga lipu, na huyo ndiye kila mteja anataka tumpunje.

Halafu kuna hili wanalolisifia jumba hili, la "pande nne sawasawa". Nje, sawa: baraza nne, nguzo sita kila moja, na nyumba imekaa mshazari, kona ndizo zinazotazama kaskazini na kusini, ili kila upande uonje jua. Ndani je? Kwenye ramani aliyoichapisha Palladio mwenyewe mwaka 1570, vyumba vikubwa ni futi 26 kwa 15, futi za Vicenza, zenye sentimita 35 na ushei. Vyote urefu wake umeelekea njia moja. Izungushe ramani robo duara uone kama vitaangukia palepale.

Kuba nayo vitabu humpa Palladio bila kusita. Alifariki 1580 haijaisha. Aliyeimalizia ni msanifu mwingine, Vincenzo Scamozzi, akaishusha chini kuliko mchoro. Mimi nasita kuiita ya Palladio. Na wenzangu wanisamehe, hii fupi naona imekaa vizuri zaidi. Ile ya mchoro ingezilemea baraza.