Heksi Huja Kabla ya Milima

Nimeulizwa tena, na safari hii najibu kwa kirefu ili nipate pa kuwaelekeza watakaofuata. Mtu amechora bara zima la kampeni yake, yaani mfululizo wa vikao vya mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika: ghuba, visiwa, safu za milima, falme na mipaka yake. Kazi inapendeza. Kisha anauliza, "Sasa nitandaze heksi za ukubwa gani juu yake?"

Heksi ni vile vyumba vya pembe sita vinavyogawa ramani, na hazitandazwi. Ukichora kwanza na heksi zikafuata, unayo picha ya dunia yako, lakini ramani ya kuchezea bado huna. Wengi wanadhani heksi ni rula, kitu cha kupimia umbali kati ya mji na mji. Heksi ni mahali pa kuamua. Wachezaji wanaingia, wanalipa kwa muda na chakula, wanapata habari, wanaamua tena waelekee wapi. Ukikosea ukubwa wake, umekosea idadi ya maamuzi watakayofanya kwa siku, na hapo hakuna mlima utakaokuokoa. Ndiyo maana ukubwa unachaguliwa karatasi ikiwa bado nyeupe.

Anza na mwendo wa miguu. Mtu mwenye mzigo, njia ikiwa nzuri, hutembea kilomita 30 hivi kwa siku. Heksi ya kilomita 10, kutoka ubavu hadi ubavu, inakupa heksi tatu kwa siku tambarare, mbili msituni, moja kinamasini au milimani. Hesabu hiyo inakaa kichwani bila jedwali. Heksi ya kilomita 40 inawafanya watembee kutwa bila kuulizwa lolote, ya kilomita moja inakufanya uulize "mnaelekea wapi?" mara thelathini kabla jua halijazama. Heksi ya maili 6 iliyoenea katika michezo ya zamani inakaribia sana kilomita 10, na inafaa kwa sababu hiyohiyo.

Historia yenyewe iko upande wangu. Dungeons & Dragons, mchezo wa kwanza maarufu wa aina hii, ilipotoka mwaka 1974, wasimamizi wa mchezo walishauriwa wachukue ubao wa Outdoor Survival, mchezo wa kampuni ya Avalon Hill wa mwaka 1972, wautumie kama nyika ya kuzurura. Ubao ule ulikuwa wa heksi tangu mwanzo. Nyika iliingia mchezoni ikiwa tayari imegawanywa.

Kuhusu umbali nitapita haraka. Majirani wote sita wako mbali sawasawa kutoka katikati ya heksi, tofauti na miraba, ambako kwenda kwa jirani wa kona ni mara 1.41 ya kwenda kwa jirani wa ubavu. Lakini heksi nazo zina kasoro yake: ukielekea upande wa pembe, hatua mbili zinakusogeza kwa upana wa heksi 1.73 tu, yaani unalipa asilimia 15 zaidi. Katika safari ya wiki moja hiyo ni kama siku nzima. Laza barabara kuu kwenye mhimili unaopita katika mbavu za heksi, si pembe zake, kisha endelea na kazi.

Linalonikera hasa ni hili: heksi moja, kitu kimoja, na wachezaji wakiingia tu wanakiona. "Mmefika heksi 0507. Kuna mnara." Hapana! Heksi ya kilomita 10 ina karibu kilomita za mraba 87. Humo vinaenea vijiji kadhaa, msitu, maporomoko ya maji na jeshi zima lililojificha. Mtu aliyesimama kwenye tambarare, kwenye tufe la ukubwa kama wa dunia yetu, upeo wake wa macho uko chini kidogo ya kilomita 5. Akiwa katikati kabisa ya heksi, ardhi inapotea machoni pake kabla haijafika ukingoni. Msituni haoni hata hatua mia moja mbele. Kwa upande mwingine, mnara wa mita 30 kwenye tambarare hiyohiyo, hewa ikiwa safi, kilele chake kinaanza kuchomoza ukiwa kilomita 24 mbali, heksi mbili na zaidi kabla hujaufikia. Kwa hiyo kanuni ya kuona kitu pale tu unapoingia heksi yake inakosea pande zote mbili: inafichua pango lililopaswa kutafutwa na inaficha mnara uliopaswa kuwavuta watu tangu jana yake.

Ninachofanya ni kuandika namna kitu kinavyopatikana kabla sijaandika ni kitu gani. Chukua hiyo 0507. Kinachoonekana kutoka mbali: moshi mweusi usiokoma, juu ya mwamba wenye kilele bapa. Kinachokutwa na anayefuata mto: kivuko, na mvushaji asiyepokea sarafu, anayetaka kutajiwa jina la marehemu wa ukoo wako. Kilichofichika: mdomo wa pango chini ya mizizi, anamolala joka kipofu, na hauonekani bila kupoteza siku nzima kutafuta au kuambiwa na mvushaji. Sasa moshi uandike pia kwenye kurasa za heksi jirani, 0506 na 0408, maana ndiko watakakouona kwanza. Heksi isiyochungulia kwa majirani zake haiwapi wachezaji sababu ya kuchagua upande huu badala ya ule. Wanarusha dadu au wanafuata aliyesema kwanza.

Mito: huungana ikishuka, haigawanyiki ovyo isipokuwa karibu na bahari, na ziwa kwa kawaida lina njia moja ya kutolea maji. Mvua huangukia upande wa mlima unaopokea upepo wa baharini; upande wa pili ni mkavu. Hayo yanatosha. La muhimu zaidi ni pa kuuchora mto. Mimi nauweka kwenye mpaka wa heksi, si katikati, kwa sababu kuvuka kunakuwa tendo: ukitoka heksi hii kwenda ile, umevuka, tuone gharama. Mto ukipita katikati, patakuwa na ubishi kila mara kuhusu ng'ambo ipi kundi limelala.

Yapo ambayo bado sijayamaliza. La kwanza ni heksi tupu. Vitabu vya miongozo hutoa uwiano wa heksi tupu na zenye kitu kwa kujiamini sana, na mimi siuamini hata mmoja. Bila utupu umbali hauna uzito, lakini utupu ukizidi, meza inapoa. Pili, wachezaji waone gridi au wasiione? Wakiiona wanaanza kusogeza kete badala ya kusafiri. Wasipoiona, nusu ya kikao inaisha wakiuliza wako wapi. Na kanuni za kupotea njia, zote nilizotumia, ama zinaadhibu bila kufurahisha ama hazimpotezi mtu. Natumia iliyo fupi zaidi, na siitetei.

Ukianza, chora heksi ya makao, kisha duara la heksi sita kuizunguka, la heksi kumi na mbili, na la heksi kumi na nane. Jumla ni 37, zaidi ya kilomita za mraba 3,200, na kila moja ijazwe kwa ngazi zile tatu za kuonekana. Bara lako zuri mpe mfanyabiashara ndani ya mchezo aliuze kama ramani ya msafiri, na makosa yake yote. Kundi likikaribia ukingo wa duara la tatu, waulize kabla ya kuagana wanakusudia kwenda wapi kikao kijacho, halafu uchore upande huo peke yake.