"Futa akiba" kwenye simu: neno hili limetoka wapi?

Ukitumia simu ya Android kwa Kiswahili utakikuta kitufe cha "Futa akiba", na watu wengi husita kukibonyeza. Wana haki. Mama lishe wa Mbagala anayedunduliza kwenye kibubu hawezi kuambiwa afute akiba akakubali hivihivi. Sisi wa idara ya lugha hapa Dar es Salaam huulizwa: nikibonyeza, picha zangu zitapona?

Zitapona. Kinachofutwa ni nakala za muda ambazo programu imejiwekea ili isipakue kitu kilekile kila mara: picha ndogondogo, vipande vya kurasa, video ulizokwisha kutazama. Picha ulizopiga na meseji zako hazimo humo. Kitufe cha kuogopa ni jirani yake, "Futa data". Hicho huirudisha programu ilivyokuwa siku ulipoipakua.

Neno la asili ni "cache", kutokana na kitenzi cha Kifaransa "cacher", yaani kuficha. Wawindaji wa Kifaransa huko Kanada, waliofanya biashara ya ngozi, walichimba shimo njiani, wakafukia chakula, baruti na ngozi, kisha wakatandaza nyasi juu ili mpita njia asishtuke. Msafara ulikuwa mrefu na mzigo mzito. Walichokificha wangekikuta wakati wa kurudi.

Kwenye kompyuta neno lilichelewa. Mwaka 1965 Maurice Wilkes wa Chuo Kikuu cha Cambridge alieleza kumbukumbu ndogo yenye kasi, inayosaidia ile kubwa inayofanya kazi polepole. Akaiita "mtumwa", jina ambalo halikushika, na nashukuru. Mwaka 1968, kampuni ya Kimarekani ya IBM ilipoeleza kompyuta yake ya System/360 Model 85, ikatumia "cache". Lilifaa kabisa, kwa kuwa kumbukumbu hiyo hufanya kazi yake bila hata mwandishi wa programu kuiona.

"Akiba" imebeba maana ya kuweka, ikaacha ya kuficha. Tena akiba ya fedha ukiifuta imekwenda, ilhali hii hujijaza yenyewe kadiri unavyotumia simu. Kwa maoni yangu, "Futa nakala za muda" ingewaondolea watu hofu.

Ukishafuta, programu itafunguka polepole mara ya kwanza na itakula bando, maana inapakua upya. Kwa hiyo futa simu inapojaa au programu inapogomagoma. Kufanya hivyo kila siku ni kumaliza bando bure.