Mambo tunayodanganyana kuhusu matembezi ya viwanja vya ndege vya vita Uingereza

Mwambie mtu kesho unaenda kutembezwa kwenye kiwanja cha ndege cha Vita ya Pili kule Uingereza, swali la kwanza ni ndege ziko ngapi. Mara nyingi hakuna hata moja. Basi hapo hapo anakukata, "sasa mnaenda kuona nini, si shamba tu?"

Ni shamba kweli, ila ni shamba linalosomeka. Unakuta rundo la biti za sukari (mizizi ya kutengenezea sukari) limemwagwa juu ya zege la duara pembeni, peke yako ungepita tu, kumbe pale ndo palikuwa maegesho ya ndege moja ya mabomu na wenyewe walipaita kikaango, maana lile duara ni kikaango na kinjia cha kuingilia ndo mpini. Yametawanywa huku na huku makusudi, ili bomu likianguka liharibu ndege moja sio kumi. Ukiinama unaona nyasi zimeota mistari iliyonyooka kabisa kama zimepandwa kwa kamba, hapo ndo vipande vya zege vilipoungana.

Halafu kuna wanaoamini kila kiwanja kilikuwa na ranwei, yaani njia ya kurukia ndege, ya zege. Wapi bana. Mwaka 1940 Waingereza wanapigania anga lao, ndege za kiwanja cha Hornchurch, karibu na London, zilikuwa zinarukia kwenye nyasi. Ule muundo wa ranwei 3 zinazokatana kama herufi A ulikuja kuwa wa kawaida toka 1942, moja kubwa ya yadi 2,000 (kama kilometa 1.8 hivi) na mbili za yadi 1,400, na zilikuwa 3 kwa sababu ya upepo tu, upepo ukigeuka unarukia nyingine.

Na hii ya "ranwei zilimalizwa na mabomu ya Mjerumani" naisikia sana. Nyingi zilivunjwa baada ya vita, zege likasagwa likaenda kujengea barabara. Kiwanja cha Greenham Common chenyewe kilitumika mpaka enzi za makombora ya nyuklia, ndo ranwei ikang'olewa, eneo likafunguliwa kwa umma mwaka 2000, leo wanalisha ng'ombe. Silverstone mnayoijua kwa magari ya mbio nayo ilikuwa kiwanja cha ndege za mabomu.

Ila dhana ninayoona imetudanganya zaidi ni kwamba hizi ni stori za marubani. Ndege ya mabomu ya Lancaster ilibeba watu 7, rubani mmoja tu. Na hao 7 wasingeruka popote bila mafundi, wapishi, madereva, na wanawake wa WAAF (kikosi cha wanawake wa jeshi la anga) waliokunja parachuti na kuongea na ndege redioni. Ndo maana matembezi mazuri hayaishii kwenye ranwei, yanakupeleka mpaka msituni kwenye misingi ya mabanda ya Nissen, yale ya bati lililopinda kama pipa lililokatwa katikati (na hayo sio ya vita hii, yalibuniwa 1916). Walilala mbali na ndege kwa kuogopa mabomu, kwa hiyo baiskeli ilikuwa mali.

Na usidhani wote walikuwa wazungu. Johnny Smythe wa Sierra Leone alikuwa navigeta, yaani mwonyesha njia ndani ya ndege, wa RAF (jeshi la anga la Uingereza), ndege yake ikatunguliwa Ujerumani 1943 akawekwa mateka. Kutoka visiwa vya Karibi walikuja maelfu, wengi wao kufanya kazi za ardhini, sio za kuruka. Kwenye kamandi nzima ya ndege za mabomu ya RAF peke yake walikufa warukaji 55,573, sasa ukifika mwisho wa ranwei mwongozaji akanyamaza kidogo, na wewe weka simu mfukoni.

Kingine, "vita viliisha zamani, ardhi ni ya wote, naenda mwenyewe". Sehemu kubwa ni mashamba ya watu, mwongozaji anakupitisha mahali mkulima amekubali. Na kuokota ukumbusho sahau, sheria ya 1986 inalinda mabaki ya ndege za kijeshi zilizoanguka, kuchimba bila leseni ni kosa. Mimi niliwahi kuokota kichuma chenye kutu nikakinyanyua juu kwa furaha, nikapigwa kelele nikiweke chini taratibu na watu wote warudi nyuma. Mwongozaji akaja akakichungulia kwa mbali, akasogea, akachungulia tena. Kipande cha trekta. Lakini alisema siku nyingine kinaweza kisiwe cha trekta, na hakucheka.

Wa mwisho ni wale wanaokuja na raba nyeupe kwa kusikia neno zege. Nusu ya njia ni tope, na viwanja viliwekwa sehemu tambarare zilizo wazi kwa hiyo upepo unakupiga bila kitu cha kuuzuia. Vaa gambuti na koti zito.