Jicho la kwenye dola si la Iluminati
Wengi tumeambiwa kwamba jicho lililo juu ya piramidi kwenye noti ya dola moja ni alama ya Iluminati, eti wanaotawala dunia kwa siri. Si kweli. Kundi hilo lilianzishwa na Adam Weishaupt huko Bavaria, katika Ujerumani ya leo, mwaka 1776, likapigwa marufuku mwaka 1785, likafa. Waliolifufua ni waandishi: mwaka 1797 Augustin Barruel na John Robison walidai lilikuwa na mkono katika Mapinduzi ya Ufaransa. Naelewa kwa nini watu waliotikiswa na umwagaji damu ule waliamini. Lakini itazame noti yenyewe: kwenye kitako cha piramidi pana herufi MDCCLXXVI, yaani 1776. Ni kweli mwaka huo ndio kundi hilo lilipoanzishwa, lakini hapa unatajwa kwa sababu ndio mwaka Marekani ilipotangaza uhuru. Na jicho? Wachoraji Wakristo walilitumia zamani kumwakilisha Mungu.