Samaki-kisu na maana ya "umeme hafifu"

Ukimtajia mvuvi wa Bagamoyo samaki mwenye umeme, atakachokifikiria kwanza ni shoti, kwa kuwa katika bahari yetu yumo taa wa aina fulani anayemtia ganzi mtu kabla hajamtoa wavuni. Samaki-kisu hana shoti ya namna hiyo. Umeme wake kwa kawaida haufiki volti moja, na mkono uliozamishwa majini hauuhisi kabisa. Ndiyo maana wataalamu humweka katika kundi la samaki wenye umeme hafifu, yaani wanaotoa umeme ili wapate habari za mazingira yao.

Jina lake lisichanganywe na panga anayeuzwa katika masoko ya pwani, ambaye ni samaki wa bahari na wa ukoo mwingine. Samaki-kisu huyu ni wa maji baridi ya Amerika ya Kati na Kusini, kuanzia kusini mwa Meksiko hadi Ajentina, na aina zake zimepita 200. Anayejulikana zaidi ni Apteronotus albifrons, aliyepewa jina la kisayansi na Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi wa viumbe, mwaka 1766: mweusi tii, mwenye pete mbili nyeupe mkiani, anayeweza kufikia urefu wa sentimita 50, na ambaye hutoka usiku kutafuta viluwiluwi vya wadudu.

Usiku huo, katika maji ya tope, macho hayamfai kitu. Ogani yake ya umeme, ambayo kwa aina hii imetokana na neva ilhali kwa jamaa zake wengi imetokana na misuli, hutoa mawimbi takriban 1,000 kwa sekunde bila kupumzika usiku na mchana (umeme wa majumbani kwetu hukamilisha mizunguko 50 tu kwa muda huo), na kwa hiyo mwili wote huzungukwa na uga wa umeme, yaani eneo ambamo nguvu ya umeme huo inafika. Jiwe, ambalo halipitishi umeme vizuri, huusukuma uga huo kando. Kiumbe hai, ambaye hupitisha umeme kuliko maji yanayomzunguka, huuvuta kwake. Vipokezi vilivyotapakaa kwenye ngozi hupima tofauti hiyo kama kivuli kinachopita mwilini, ingawa uwezo huu hauendi mbali sana na mwili wenyewe.

Hapo ndipo umbo lake linapoeleweka. Samaki wengi huogelea kwa kupinda kiwiliwili, lakini samaki-kisu akijipinda huuvuruga uga wake mwenyewe, kwa hiyo hunyoosha mgongo na kujiendesha kwa pezi moja refu la chini linalotembea kama wimbi. Wimbi likigeuka, naye hurudi kinyumenyume bila kugeuza kichwa, jambo ambalo kwangu linastaajabisha kuliko umeme wenyewe. Kwa jamaa yake Eigenmannia kuna adabu nyingine: wawili wakikutana na idadi ya mawimbi yao kwa sekunde ikakaribiana mno, mmoja hupandisha yake na mwingine hushusha, wasije wakapofushana.

Afrika haina samaki-kisu wa kundi hili, lakini maumbile yamefika hapohapo kwa njia nyingine. Gymnarchus wa mto Nile na mito ya Afrika Magharibi huogelea kwa pezi refu la mgongoni, mwili ukiwa umenyooka vilevile, na ni kwake yeye ambapo Hans Lissmann, mtaalamu wa wanyama wa Chuo Kikuu cha Cambridge, mwaka 1951, alieleza kwamba samaki hutoa umeme mdogo mfululizo. Jamaa wa karibu wa huyo ni ukoo wa domodomo, ambao wamo hata katika mto Ruvu unaoingia baharini kaskazini ya mji wa Bagamoyo. Domodomo hawatoi wimbi la mfululizo. Wao hutoa midundo mifupi yenye vituo katikati, na mtu aliyemshika mmoja wao mkononi, angali hai, hatahisi chochote.