Noisome Haina Kelele

Wiki hii nimehariri tafsiri ya riwaya ambamo shimo la gereza, lililopewa kivumishi noisome katika Kiingereza chake, limegeuka kuwa "shimo lenye makelele", ingawa mfungwa aliyemo yuko peke yake na kwa kurasa kadhaa hasikii hata mchakacho wa panya. Nimelisahihisha kosa hili mara nyingi mno, na safari hii uvumilivu umeniishia.

Noisome haina nasaba na noise, yaani kelele. Imeundwa kwa noy, ufupisho wa annoy, pamoja na kiambishi tamati -some. Mwenye kelele Kiingereza kilikwisha kumpa noisy. Hakuhitaji cha pili.

Linalowatatiza hata wanaojua hayo ni kwamba annoy ya zamani haikuwa kero ya kukunja uso tu, bali pia kudhuru. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, katika Zaburi ya 91, ina noisome pestilence, na mahali hapohapo Biblia ya Kiswahili ina "tauni iharibuyo", maneno ambayo siwezi kuyaboresha, kwa sababu tauni ile haipigi kelele wala hainuki: inaua. Maana ya uvundo ilifuata baadaye, na leo ndiyo inayotawala. Njia kati ya maana hizo mbili ilikuwa fupi, maana Ulaya iliamini kwa karne nyingi kwamba harufu mbaya ndiyo inayobeba maradhi. Mshairi Mwingereza Milton naye, katika utenzi wake wa mwaka 1667, aliandika kwamba mifereji ya maji machafu ya mjini hu-annoy hewa, na sidhani kwamba alikusudia kusema inaikasirisha.

Kwa hiyo, hewa iliyo noisome katika maandishi ya zamani inanuka au inaua? Kamusi hutenganisha maana hizo kwa nambari, kana kwamba mwandishi alichagua moja kabla ya kuchovya kalamu. Mimi huwa sina hakika. Nikiandika "uvundo", ugonjwa unapotea. Nikiandika "hewa chafu yenye madhara", nathari inageuka tangazo la idara ya afya. Nimewahi kulitafsiri neno hilo kwa njia mbili ndani ya kitabu kimoja, na hakuna hata moja iliyoniridhisha.

Shimo la wiki hii nimeliandika "linalovunda". Pua imepata haki yake. Madhara yamebaki nje.